Majani ya Bobini

Hapa senta kwetu, kata ya Nyansurura, mlango ukifungwa mchana watu wanajua mwenye nyumba amesafiri, au yumo ndani na hataki kuonwa. Mlango wa Mama Sabaha ulifungwa kila siku, mchana kutwa, na yeye alikuwa ndani anashona, cherehani yake inasikika mpaka barabarani. Ukifika unabisha, unasikia "Ingia haraka!", unapita upandeupande na kuusukuma mlango kwa kisigino kabla hujasema shikamoo. Ukizubaa anakupigia kelele kama mwizi.

Sababu ilikuwa paka.

Mama Sabaha si mtu wa huku. Alizaliwa Pangani, akaletwa Mara na mume wake Athuman, aliyekuwa anauza mitumba kwa wachimbaji kule Matongo. Walihamia kwetu kwa sababu shule yetu ilikuwa na watoto mia sita na hakuna fundi wa sare. Athuman akafa kwa kifua, wakamzika Mugumu. Shemeji zake Mama Sabaha walikuja kumchukua arudi pwani. Wanasema walikaa siku tatu wakimbembeleza, yeye anawapikia tu na kuwasikiliza, siku ya nne akawasindikiza stendi, akarudi peke yake akafungua cherehani. Alikuwa amebakiza sare za darasa la saba.

Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa mpira wa suruali. Mtoto hampimi kwa futi. Anamwambia ageuke, anamtazama, anasema, "Umerefuka vidole viwili, mwambie mama yako," na sare inakaa sawasawa. Jioni, kabla ya kufunga kazi, anahesabu sindano zote. Ikikosekana moja halali. Mimi nilimpendea hilo. Mimi pia ni mtu wa kuhesabu. Nina watoto watano, na tangu nimzae wa kwanza sijawahi kukaa bila kusikiliza nani analia na nani amenyamaza muda mrefu.

Paka wake wa kwanza alikufa mlangoni, povu mdomoni. Wa pili alitoka asubuhi asirudi. Mwaka ule fisi walikuwa wameingia kwa Wangwe, jirani yake, wakaua mbuzi saba, na Wangwe akawategea nyama yenye sumu kule nyuma. Hakukana.

"Nilitega fisi," aliwaambia watu. "Paka sikumwalika."

Mama Sabaha alipopata paka wa tatu, jike mdogo wa madoa meusi, alimpa jina la Bobini, kile kichuma kidogo cha kuzungushia uzi ndani ya cherehani, akafunga mlango. Tangu siku ile Bobini hajakanyaga udongo. Watu walimtania sana.

"Mama Sabaha, huyo mwali wako utamtoa lini?"

"Akipata mume mwenye akili."

"Basi atazeekea humo!"

"Na azeeke. Si ndicho ninachotaka?"

Paka alikaa ndani miaka mitatu, akanenepa, akawa analala juu ya vitambaa. Lakini mwaka huu alianza kula vitu visivyoliwa. Alitafuna ukingo wa mkeka. Alitafuna vipande vya kitambaa, na siku moja mwezi wa pili Mama Sabaha alimkuta ameshameza uzi mweupe, mwisho wake unaning'inia mdomoni. Alitaka kuuvuta, akaogopa, akaukata karibu na mdomo kwa mkasi, akakaa siku mbili anachungulia kinyesi cha paka mpaka uzi ukatoka. Nilimkuta siku ya pili, macho mekundu.

"Mama Nice, paka wangu anakuwa kichaa."

"Si kichaa, mama. Anatafuta majani."

Alinitazama kama nimemtukana. Nikamweleza ninachokijua, maana mimi nimekulia kwenye boma lenye paka. Paka anakula nyama, lakini mara moja moja atakwenda kwenye ukoka, atatafuna majani machache, baadaye atatapika manyoya aliyojilamba na kazi yake inaendelea. Huyu wa ndani hana ukoka. Ana mkeka na uzi.

"Nje hatoki," akasema.

"Asitoke. Nitakuletea mimi."

"Yatatoka wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya jiko langu. Unadhani nitamletea mtoto wako kitu kibaya?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nikaanza kupeleka. Ilikuwa mvua za mwezi wa tatu, ukoka nyuma ya jiko umejaa, laini, unang'aa. Mama Sabaha alijiwekea utaratibu wake. Aliyaosha majani, akatupa yenye ncha ngumu au miiba, akayasimamisha kwenye kikombe cha maji. Bobini aliruhusiwa kutafuna machache, kisha kikombe kinapanda juu ya kabati. "Hata dawa ikizidi ni sumu," alisema. Paka akatapika manyoya mara mbili, akaacha mkeka, akaacha uzi. Mama Sabaha alinishonea gauni la binti yangu Nice bila kutaka kitu. Kuanzia hapo nikawa mtu pekee ambaye mlango ule ulifunguliwa kabla sijabisha. Alikuwa ananijua kwa miguu.

Mwezi wa sita mvua zikaisha. Mwezi wa saba ukoka nyuma ya jiko ukawa wa njano, kisha ukawa vumbi. Bobini hakugusa majani makavu. Jumatatu moja nikamkuta anatafuna tena pindo la sare.

"Hakuna majani mabichi hata kidogo?" Mama Sabaha aliniuliza.

Yalikuwepo. Kwenye boma letu, anakoishi shemeji yangu Marwa na ng'ombe wa familia, kuna kijia cha miti ambacho ng'ombe hupita mmoja mmoja Jumamosi asubuhi ili apuliziwe dawa ya kupe. Bomba linavuja, maji ya dawa yanatiririka mpaka chini ya uzio, na pale chini kiangazi chote pana kijani. Mume wangu yuko machimboni, hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kule bomani naenda mwenyewe kuchukua maziwa. Jumamosi ile nilikwenda saa nne. Marwa alikuwa amemaliza, ananawa.

"Shemeji, naomba majani kidogo pale chini."

"Ya nini? Umenunua sungura?"

"Ya paka wa Mama Sabaha."

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Paka anakatiwa majani! Ng'ombe wangu wanajitafutia, paka anakatiwa! Kata, shemeji, kata mzigo mzima, mpelekee na pumba."

Nikainama nikakata. Sasa nitasema nilichokiona, maana nilikiona. Unapokata majani ya kiangazi, panzi wanaruka usoni, sisimizi wanapanda mkononi. Pale hapakuwa na panzi hata mmoja. Hapakuwa na sisimizi. Hata nzi, pamoja na kinyesi chote kile. Kulikuwa kimya. Nilikiona kile kimya nikafurahi. Nikasema haya ndiyo majani safi, hayana wadudu. Nilisikia pia harufu kama ya mafuta ya taa. Nikajiambia ni mikono yangu, nimewasha jiko asubuhi. Na mbuzi wawili wa Marwa walikuwa wanakula palepale, wazima, mikia inacheza. Nikasema kama mbuzi anakula, paka ni nani?

Nilipofika Mama Sabaha alikuwa na wateja.

"Umeyaosha?"

"Nimeyaosha," nikasema. Nilikuwa nimeyamwagia maji mara moja.

Siku ile wateja walimchanganya, akayaweka kwenye sinia chini badala ya kikombe. Nikaondoka Bobini amelala juu yake, anatafuna, anajigaragaza, anajilamba.

Saa nane mchana niliitwa. Nilisikia kelele kabla sijafika. Mlango wa Mama Sabaha ulikuwa wazi. Nakumbuka hilo liliniogopesha kuliko kelele.

Bobini alikuwa sakafuni. Masikio yalikuwa yanachezacheza peke yake, kama mtu anayavuta kwa uzi. Ute ulikuwa unamtoka. Alijaribu kusimama, mguu wa nyuma ukatetemeka, ukamwangusha, kisha mwili wote ukaanza kutetemeka, ngozi inapanda na kushuka. Macho yalikuwa wazi, anatuona. Hicho ndicho kilikuwa kibaya.

Mama Sabaha hakuwa analia. Alikuwa amesimama kizingitini, ameelekea kwa Wangwe, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

"Wangwe! Mara ya kwanza nilinyamaza! Mara ya pili nilinyamaza! Nimefunga mlango miaka mitatu, na bado umenifuata ndani!"

Wangwe akatoka kwake na bakuli la ugali mkononi. "Nimekufuata wapi, mama? Mimi nakula."

"Umetupa nini dirishani kwangu?"

"Dirisha lako lina wavu! Nitupe nini, upepo?"

Watu wakaanza kukusanyika. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Wangwe sumu anayo, si alitega fisi?" Mwingine akasema, "Mzee, sema tu ukweli." Wangwe akaweka bakuli chini. Kwetu mambo yanapofika hapo, panga haliko mbali.

Na mimi nilikuwa nimesimama katikati, naangalia sinia. Majani yalikuwa yamebaki nusu. Niliyaona jinsi yalivyo ya kijani, na palepale nikakumbuka kimya cha pale nilipoyakata. Nilijua. Hakuna aliyeniambia, nilijua. Na nikanyamaza.

Sijui nilinyamaza muda gani. Labda dakika tano. Niliona aibu, niliogopa mlango ule ufungwe kwangu, niliogopa watu waseme Mama Nice, anayejifanya mwangalifu, ndiye. Nikajidanganya kwamba labda paka atapona mwenyewe, basi hakuna haja ya kusema. Eunice, mke wa mwenye duka, alikuwa amekuja na kikombe cha maziwa na kijiko. "Mnywesheni, maziwa yanaua sumu." Mama Sabaha akapiga magoti kumfungua paka mdomo, na mtu mwingine akampa simu: Emanuel, daktari wa mifugo, alikuwa amepatikana. Sauti ilitoka kwa nguvu, tukasikia wote.

"Amekula nini?"

"Sumu ya fisi! Ametupiwa na jirani!"

"Mmeiona?"

"Hatujaiona."

"Mama, sikiliza. Sumu ya fisi ina dawa yake, na sumu nyingine ina yake. Nikikosea nitammaliza. Amekula nini leo? Kila kitu."

Mama Sabaha akanyanyua macho, akatafuta, akaniona mimi. Hakunishuku. Alikuwa ananiomba msaada wa kukumbuka. "Amekula dagaa," akasema, "na… Mama Nice, amekula nini kingine?"

Nikasema, "Majani. Niliyakata pale Marwa anapopulizia ng'ombe. Alikuwa amepulizia asubuhi."

Wangwe alichukua bakuli lake, akatema mate pembeni, akarudi ndani.

"Nani huyo anaongea?" Emanuel aliuliza. "Mpe simu. Mama, dawa gani? Chupa ikoje?"

Nilimweleza rangi ya chupa na picha iliyokuwa juu yake, maana maandishi sikuwahi kuyasoma. Akaijua. Akasema dawa ile ng'ombe anaivumilia, mbuzi anaivumilia, mbwa anaweza kuivumilia, lakini mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja. Inakaa ndani inamtikisa. "Maziwa mmempa?"

"Bado."

"Msimpe! Wala maziwa wala mafuta, yanaisaidia kuingia. Msimtapishe. Kama amelalia hayo majani, mwogesheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuzeni vizuri, mkausheni, mfunikeni asipate baridi. Funga dirisha, pasiwe na mwanga wala kelele. Nakuja na sindano."

Tulimwogesha mimi na Mama Sabaha. Mikono yetu ilikuwa ndani ya beseni moja. Alinielekeza kama fundi anavyomwelekeza mwanafunzi, "Shika kichwa, maji yasiingie puani," na hakunitazama usoni hata mara moja. Paka alikuwa mwepesi sana akiwa amelowa. Kila alipotikisika niliusikia mtikisiko ule ukipanda mpaka kwenye kiwiko changu.

Emanuel alifika na pikipiki kutoka Mugumu saa kumi na nusu, mwekundu kwa vumbi. Alimdunga sindano ya kutuliza, akasubiri, akamwongeza kidogo. Akasema, "Akifika kesho kutwa bila kukakamaa, atapona. Sitakudanganya, mama, wengi hawafiki." Alipokuwa anaosha mikono aliniuliza kwa sauti ndogo kama maziwa ya Jumamosi tunayakunywa.

"Tunakunywa."

"Chupa imeandika msubiri baada ya kupulizia, mama. Someni, au msomewe." Akavaa kofia yake.

Jioni ile nilimwaga maziwa yote, watoto wakanitazama. Nikawaangalia wakilala, mmoja mmoja, masikio yao.

Bobini hakula siku mbili. Siku ya tatu alikunywa maji. Siku ya tano alitembea, anayumba, akaenda kulala juu ya sare. Habari hizo nilizipata kwa Eunice. Mimi sikwenda. Nilipopita barabarani nilisikia cherehani, nikaharakisha.

Wangwe alipelekewa kuku. Mama Sabaha alimpeleka mwenyewe, akamwomba msamaha mbele ya mke wake, Wangwe akasema, "Kuku huyu hana sumu?" wakacheka wote wawili, ndivyo nilivyosimuliwa. Kwangu hakuja mtu.

Wiki ya nne Mama Sabaha akaniita. Nilibisha, nikangoja. "Ingia," akasema. Hakusema haraka. Paka alikuwa dirishani, mwembamba, anatafuna wavu.

"Ameanza tena," Mama Sabaha alisema. "Emanuel ananiambia nioteshe majani humu ndani, mwenyewe. Nafaka kwenye bakuli. Ngano, au ulezi. Nyinyi mnaotesha ulezi wa kimea kila siku. Una ulezi?"

Nilikuwa na debe zima. Ulimi ulitaka kusema ndiyo, nimpendeze. Nikasema, "Ninao, lakini ni wa mbegu, umepakwa dawa ya wadudu, ile ya rangi ya waridi. Na mahindi yangu yamechanganywa na unga wa dawa. Kwangu hakuna nafaka ya kumpa paka."

Alisimamisha cherehani. Hakuwa ameisimamisha tangu niingie.

"Basi tafuta."

Nilizunguka siku mbili. Nilimpata bibi mmoja anayeuza togwa, anayelima ulezi wa kula tu, nikamuuliza maswali mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikaosha kilo moja, tukaloweka usiku mmoja, tukaumwaga kwenye bakuli lenye udongo nilioufuata mbali, mlimani, mahali ambapo ng'ombe hawapiti na mbolea ya boma haijafika. Mama Sabaha alimwagilia kwa kijiko. Mwanzoni ilikuwa mizizi myeupe kama ya kimea. Sisi hapo tungeanika na kusaga, lakini tukaacha. Bakuli la kwanza liliota ukungu, akalitupa lote bila kulichagua. La pili likawa kijani. Siku ya kumi majani yalifika urefu wa kidole.

Aliyakata machache kwa mkasi, akayashika mkononi. Bobini alikuwa ameshaanza kulia, anajizungusha miguuni kwake. Mama Sabaha hakuyashusha. Alikuwa amesimama tu, anayatazama jani kwa jani, anayanusa.

Kwetu Wakurya, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza mbele yako. Hamwambizani kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini.

Nikanyoosha mkono, nikachukua majani mawili, nikayatia mdomoni nikayatafuna. Yalikuwa na utamu kidogo, halafu uchungu. Nikameza.

Yeye akavuta kiti akakaa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kama anavyotazama mtoto anayempima.

"Sasa utampa?" nikauliza.

"Bado," akasema. "Kaa kwanza."

Nikakaa. Paka alikuwa analia katikati yetu.